TAARIFA YA TAWI: Kiapo cha Polisi ni Deni, na Daftari Lake ni OB



Tunaandika kwa sababu ya yaliyotokea wiki iliyopita, na kwa sababu ya yale ambayo yamekuwa yakiandikwa katika makundi yetu tangu siku hiyo. Taarifa hii ni ndefu kuliko mlizozizoea. Tafadhali isomeni hadi mwisho kabla ya kuisambaza, maana mwishoni kuna maamuzi ya kamati yanayomhusu kila mmoja wetu.

*Yaliyotokea*

Alhamisi, saa tano asubuhi, vijana wetu wawili walikamatwa wakigawa karatasi za kuwaalika wakazi katika matembezi ya amani kuhusu shida ya maji. Mmoja ni mwendesha bodaboda. Mwingine amemaliza kidato cha nne na humsaidia mamake kuuza viazi karai. Hawakuwa na jiwe wala rungu. Waliambiwa ni wachochezi, wakapandishwa gari, wakapelekwa kituoni. Kituo chenyewe hatukitaji, na mbele mtaona kwa nini.

Pale kaunta palikuwa na konstebo kijana. Vijana wetu walimsikia mkubwa mmoja akimwambia asiwaandike kwanza, wataandikwa Ijumaa jioni. Konstebo alinyamaza kidogo, akaifungua OB, akaandika majina yao na saa waliyofikishwa. Akasema tu, "Afande, saa yao ndiyo hii." Kisha akaendelea na kazi yake.

Jioni mama wa kijana mmoja alifika na chakula, akauliza nambari ya OB, akapewa. Usiku huohuo nambari ikamfikia wakili. Ijumaa saa tatu asubuhi wakili alikuwa kituoni, nambari mkononi na saa anaijua. Kabla ya saa tano kugonga, vijana waliachiliwa kwa dhamana ya polisi. Hadi leo hawajafunguliwa shtaka lolote.

*Hesabu ya Ijumaa jioni*

Wengi mmeuliza, kuandikwa Alhamisi au Ijumaa kuna tofauti gani? Katika ofisi ya tawi tumo tuliosomea uhasibu, kwa hivyo tuwapigie hesabu.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini kuna nyongeza hapo: saa 24 zikiishia wakati ambao korti haiketi, au siku ambayo si ya korti, basi muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata.

Sasa tazameni. Aliyekamatwa Alhamisi saa tano asubuhi, saa zake 24 zinaisha Ijumaa saa tano, na korti iko wazi. Lazima afikishwe kwa hakimu au aachiliwe. Lakini kitabu kikisema alikamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa zake zinaishia Jumamosi jioni, korti imefungwa, na muda wote unahamia hadi Jumatatu korti itakapofunga. Kwa mstari mmoja wa uongo, mtu aliyestahili kukaa si zaidi ya saa 24 anakaa zaidi ya saa 100, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana halali. Wakenya tunaijua kamata kamata ya Ijumaa kwa jina. Wiki iliyopita ilitaka kufanyika Alhamisi na kuvalishwa nguo za Ijumaa.

Sisi wa hesabu tunaujua mchezo huo. Ni sawa na kubadilisha tarehe ya risiti ili ununuzi uangukie mwaka mwingine wa fedha. Pesa hazionekani kuibwa, tarehe tu ndiyo imesogea. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uhuru wa mtu nao ni hivyo hivyo. Ukikosa kuandikwa, hupotea bila habari.

*Kiapo chenyewe*

Kila anayeingia katika Huduma ya Taifa ya Polisi huapa. Kiapo kinamfunga kwa Jamhuri, kwa Katiba na kwa sheria za nchi. Ndani yake hamna jina la Rais, la waziri, la kamanda wala la chama. Na ile kauli mbiu iliyo kwenye nembo ya polisi, *Utumishi kwa Wote*, haina nyota pembeni inayosema "isipokuwa wapinzani" au "isipokuwa serikali".

Katiba yetu ya 2010 imeliweka jambo hili mapema sana. Kifungu cha 2 kinasema Katiba inamfunga kila mtu na kila chombo cha dola, na hakuna awezaye kutumia mamlaka ya dola nje ya Katiba. Kifungu cha 3 kinampa kila mtu wajibu wa kuiheshimu na kuilinda. Kila mtu maana yake ni sisi pia, na ni askari pia, awe amevaa sare au amelala nyumbani. Kifungu cha 239 kinavikataza vyombo vya usalama kupendelea chama chochote, na pia kinavikataza kuhujumu msimamo wa kisiasa ulio halali. Kifungu cha 244 kinaidai polisi nidhamu ya hali ya juu na kufuata viwango vya haki za binadamu.

Kwa hivyo askari anapoapa, anachukua deni. Ahadi ni deni, kila mtoto wa Kiswahili anajua hivyo. Swali ni nani anayedai. Kwa mujibu wa Katiba anayedai ni mwananchi, maana kifungu cha kwanza kabisa kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Mkubwa wa kituo ni mfanyakazi mwenzake mwenye cheo zaidi, na deni lilelile linamdai na yeye.

*Vocha na sahihi*

Aliyefanya kazi katika ofisi ya fedha anaijua siku hii. Mkubwa anaingia, anaweka vocha mezani, anasema, "Tia sahihi, karatasi zingine zitafuata." Karatasi hazifuati. Miaka miwili baadaye mkaguzi anakuja, anafungua faili, anauliza sahihi hii ni ya nani. Ni yako. Ukisema mkubwa alikuambia, anauliza alikuambia wapi, tuone. Hukuwa na chochote cha kuonyesha. Mkubwa amestaafu, au amepandishwa cheo, au hakumbuki. Wewe ndiye unayeitwa.

Ya polisi ni hayohayo, ila kinachopotea hapo ni zaidi ya pesa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jedwali hilohilo linasema askari aliyevaa sare aonyeshe jina lake au nambari yake mahali panapoonekana. Maana ya maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja ni hii: sahihi ni yako, na jina lako lazima lisomeke.

Angalieni pia kifungu cha 245. Hata waziri hawezi kumwelekeza Inspekta Jenerali nani achunguzwe au nani akamatwe. Anaweza kumpa mwelekeo wa kisera tu, na mwelekeo huo lazima uwe kwa maandishi. Walioandika Katiba walijua tunachokijua sisi wa hesabu, kwamba amri ya mdomo haina mwenyewe siku ya ukaguzi.

Julai 2025 Rais alisema hadharani kwamba mtu anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, kisha apitie hospitali akielekea kortini. Tunawaelewa wenye maduka waliopoteza mali, na baadhi yao ni wanachama wetu. Mwizi na mchomaji wakamatwe, washtakiwe, wafungwe. Lakini tunamuuliza konstebo aliyesikia maneno yale kwenye redio: siku utakaposimama kizimbani kwa risasi iliyopotoka kutoka mguuni ikaingia kifuani, utapeleka hotuba kama ushahidi? Sheria inaruhusu bunduki kwa sababu chache, kama kuokoa maisha au kujikinga na hatari iliyo mbele yako. Jukwaa la mwanasiasa halimo katika orodha hiyo.

*Palipokosekana daftari*

Tuwakumbushe mambo mawili ambayo nchi nzima inayajua.

Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wao Joseph Muiruri walitoka katika korti ya Mavoko. Mwendwa alikuwa mwendesha bodaboda aliyethubutu kumshtaki askari aliyempiga risasi. Walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Kutoka kwenye seli ilirushwa karatasi ya chooni iliyoandikwa ombi la msaada. Hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa OB yao. Miili yao ilipatikana mtoni. Mahakama Kuu iliwapata na hatia askari watatu na raia mmoja Julai 2022, na Februari 2023 ikatoa hukumu: mmoja kifo, wengine vifungo kati ya miaka 20 na 30. Haki ilifika, lakini ilichukua zaidi ya miaka sita, na mashahidi wake watatu wakuu walikuwa kaburini.

Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomlenga afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300, akapita vituo vingapi na korti ngapi njiani, hadi Nairobi katika kituo cha Central. Kabla usiku haujaisha alikuwa amefariki. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajifanyii mwenyewe, pamoja na dalili za kukabwa shingo. IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, iliwaambia maseneta kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imevurugwa. Watu sita walishtakiwa kwa mauaji, wakiwemo askari wa kituo hicho, na wote wakakana. Hukumu ni ya mahakama na hatutaitangulia. Tunachosema ni hiki: mara nyingine tena, kitu cha kwanza kuguswa baada ya mtu kufa ni kumbukumbu.

Ndiyo maana tunasema kiapo hakikai katika siku ya gwaride tu. Kinakaa katika mambo madogo ambayo hayapigwi picha. Mtu kuandikwa saa aliyokamatwa. Jina kuonekana kifuani. Uso kutofunikwa. Kamera kuachwa ifanye kazi. Amri kuombwa kwa maandishi. Konstebo wetu wa Alhamisi hakuilinda Katiba kwa bunduki. Aliilinda kwa kalamu ya kawaida.

*"Akikataa atahamishwa"*

Kuna mwanachama mmoja, mwenye ndugu katika polisi, aliyetuandikia maneno ya kweli. Alisema, "Ninyi mnaongea mkiwa nje. Askari akikataa amri leo, kesho barua ya uhamisho iko mezani. Ana watoto shule."

Hatulipuuzi hilo. Sisi wa Pwani tunajua uhamisho wa kwenda msitu wa Boni maana yake nini. Tumezika vijana waliouawa kwa mabomu yaliyotegwa katika barabara za Lamu. Tunajua nyumba za mabati wanamolala, mbili familia moja pazia katikati. Askari naye ni mtoto wa mtu, na mwisho wa mwezi anahangaika kama sisi.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, uhamisho unaumiza, ila kizimba kinaumiza zaidi, na aliyetoa amri mara chache husimama kizimbani pamoja nawe. Katika kisa cha mtoto Samantha Pendo, aliyekuwa na miezi sita alipopigwa katika operesheni ya polisi Kisumu mwaka 2017, ilichukua hadi 2022 ofisi ya mashtaka kutangaza kwamba maafisa, wakiwemo wa kuamuru, watashtakiwa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miaka mitano ya kumtafuta mwenye amri. Jina la aliyeshika rungu ndilo hutafutwa kwanza.

Ya pili, askari hahitaji kuanzia kwenye kukataa. Anaweza kuanzia kwenye kuandika. Kumwambia mkubwa "afande, saa yao ndiyo hii" ni kumlinda hata huyo mkubwa asijiingize mashakani. Anaweza kusema, "Afande, naomba hiyo amri iandikwe." Amri nyingi mbaya hufa palepale zinapoombwa karatasi. Karani yeyote mwaminifu amewahi kuliona hilo.

Hata wakubwa wana wa kuwauliza. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilimhukumu Kaimu Inspekta Jenerali kifungo cha miezi sita kwa kudharau korti, baada ya kuitwa mara kadhaa aeleze walipo watu watatu waliotekwa Kitengela na asifike. Alikuja baadaye akaomba radhi, na kifungo kikafutwa. Hatusherehekei mtu kuaibishwa. Tunasema tu kwamba kile kiapo kina uzito uleule begani mwa konstebo na begani mwa aliye juu kabisa.

*Tuoshe mikono yetu kwanza*

Sasa tunafika pagumu. Katika makundi yetu wiki hii tumesoma mambo mawili yaliyotuhuzunisha.

La kwanza ni matusi kwa polisi wote na kwa familia zao. Kuna aliyeandika kwamba watoto wa askari wanaosoma na wetu watengwe. Tumeufuta ujumbe huo na mwenyewe tumezungumza naye. Mtoto hakuapa popote. Na aliyeapa, akaandika ukweli Alhamisi, naye ni polisi. Tukiwatukana wote, tumemtukana na yeye.

La pili lilikuja na vicheko vingi: "Subirini 2027 tukishika serikali, hao hao polisi tutawatuma kwao." Waliocheka walikuwa wengi, na baadhi ni viongozi wa wadi.

Ndugu zetu, hapa ndipo tawi hili linapaswa kusema ukweli wake. Katika kura za mchujo za 2022, kituo kimoja cha kupigia kura kilipokuwa kinaelekea kubaya kwa upande wa baadhi yetu, tulimpigia simu afisa tuliyemfahamu. Alikuja na wenzake. Mawakala wa mwenzetu wa chama hikihiki waliwekwa nje ya lango "kwa ajili ya usalama" hadi hesabu ilipokwisha. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyefungwa. Tulijiambia ni jambo dogo. Yule mwenzetu alihama chama mwezi uliofuata, na watu wake wakamfuata, na hadi leo tunajifanya hatujui kwa nini.

Siku ile tulimfanya mtu aliyeapa kwa Katiba awe mtumishi wa kundi. Tulimtia sahihi katika vocha yetu. Wiki iliyopita mwingine alifanya hivyo dhidi ya vijana wetu, tukapiga yowe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kamati imemwandikia mwenzetu yule barua ya kuomba radhi, na tunalisema hapa mbele yenu ili lisibaki jambo la chumbani.

Hatuwezi kumtaka konstebo wa mshahara mdogo awe jasiri mbele ya mkubwa wake ilhali sisi, ambao hatuna afande wala bunduki mgongoni, tunashindwa kuacha simu mfukoni. Askari anayelindwa na wanasiasa leo avunje kiapo kwa faida yao, kesho atakivunja kwa faida ya mwingine. Aliyekinunua hakiwi chake. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027. Serikali yoyote itakayokuja itakuta polisi waliozoea nini? Hilo linaamuliwa sasa, na sisi tumo.

*Maamuzi ya kamati*

1. *Matembezi kuhusu maji yatafanyika.* Sheria inataka notisi kwa mkuu wa kituo, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na matembezi yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni notisi, si ombi la ruhusa. Tutaipeleka kwa mkono na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Tarehe tutawajulisha notisi ikishapokelewa.

2. *Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha.* Maneno hayo ya mwisho ni sehemu ya haki yenyewe. Atakayekuja na jiwe, rungu au petroli hatumtambui, na wasimamizi wetu watamtoa. Hatutakubali mtu atupe jiwe moja, kisha atuharibie saa, siku na jina.

3. *Ukikamatwa, au ndugu yako akikamatwa, uliza mambo manne:* sababu ya kukamatwa, kituo unachopelekwa, nambari ya OB, na saa iliyoandikwa. Una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili na jamaa. Tuma majibu kwa ofisi ya tawi mara moja, hata usiku.

4. *Tawi limefungua daftari lake.* Kila tukio litaandikwa siku hiyohiyo: nani, wapi, saa ngapi, gari gani, nambari gani ya askari kama ilionekana. Tutaandika tulichokiona tu. Uvumi hauingii. Malalamiko yaliyo na ushahidi yatapelekwa IPOA kwa barua, na barua zitahifadhiwa faili.

5. *Kuanzia leo hakuna kiongozi wa tawi atakayempigia simu afisa wa polisi kuhusu mzozo wa ndani wa chama.* Mzozo uende kwa kamati ya rufaa ya chama. Atakayekiuka, awe katibu, mwenyekiti au mgombea, atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu na jina lake litasomwa mkutanoni. Sheria hii imeanza kwa kutiwa sahihi na sisi wenyewe wa ofisi.

6. *Msimtafute konstebo wa Alhamisi.* Msiulize jina lake, msimpige picha, msimtumie pesa wala zawadi. Kuna waliopendekeza tumwandikie barua ya sifa na kuisambaza. Tumekataa. Sifa kutoka kwa chama cha siasa inaweza kumharibia kazi, na tena itamfanya aonekane wa kwetu. Yeye si wa kwetu. Alifanya alichoapa kufanya, na angewafanyia vivyo hivyo vijana wa chama kingine. Tukitaka kumshukuru, tuwe watu wanaoandika saa ya kweli katika kazi zetu.

*Kwa maafisa mnaosoma taarifa hii*

Tunajua ujumbe wetu huwafikia. Karibuni. Hatuwaombi mtuunge mkono, na hatuwaombi upendeleo. Katiba imewakataza kutupendelea na sisi tumejikataza kuwaomba. Tutakapopita barabarani na mabango ya maji, simameni pembeni na majina yenu yakionekana, mtulinde sisi na muwalinde wenye maduka. Wapo kati yenu ambao mifereji yao nyumbani ni mikavu kama yetu.

Na mkituleta kituoni kwa sababu yoyote ile, tunaomba kitu kimoja tu. Fungueni kitabu, tazameni saa ukutani, muandike mnachokiona.

Vijana wetu wawili wamerudi kazini. Yule wa viazi karai ametuambia kwamba kilichomtia moyo usiku ule ndani ya seli ni kusikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alijua kwamba tayari kuna mahali palipoandikwa kuwa yuko hai na yuko pale.

Mungu awabariki, Mungu ailinde Kenya.

*Katibu wa Tawi*
kwa niaba ya Kamati Tendaji
_Msikate kipande mkasambaza. Sambazeni yote._